Sifuri Iliyokaribia Kumfukuza Mama Zawadi

Asifiwe Mungu, Mwenye nyakati zote, ambaye kwake hakuna jana iliyopotea wala kesho iliyochelewa. Namshukuru kwa macho ambayo asubuhi bado yanasoma bila miwani, kwa magoti ambayo bado yananifikisha misa ya kwanza, na kwa miaka mingi aliyonijalia mbele ya kompyuta katika mji huu wa Goma, ambamo kompyuta hufa kwa vumbi la mawe meusi, kwa umeme unaorudi na hasira, na mara nyingine kwa panya. Mimi bado nipo. Sifa ni zake.

Vijana wa parokia yetu hapa Katoyi, ninyi mnaosomea informatique, elimu ya kompyuta, mliniomba niandike jambo moja nililojifunza kazini. Moja tu, mlisema, muzee usituandikie kitabu. Basi nitaandika juu ya kupima muda ndani ya fonksio za base de données. Najua mmecheka. Mlidhani nitasimulia mlima ulivyotema moto. Lakini jambo lililonishtua kuliko yote katika kazi yangu halikutoka mlimani. Lilikuwa sifuri. Niliiona kwenye karatasi, mchana kweupe, na hata leo nikiikumbuka inabidi niweke kikombe chini.

Kwa yule ambaye hajasoma mambo haya: base ni ghala ambamo kompyuta inatunza majina na habari kwa mpango, ili ukiuliza ujibiwe. Fonksio ni maagizo yaliyoandikwa mara moja na kuhifadhiwa ndani ya ghala lenyewe. Ukiiita kwa jina lake, inafanya kazi humo humo na kukuletea jibu. Ni kama mpishi anayeishi ndani ya stoo: humpelekei chakula jikoni, unamwambia neno dirishani, naye anakupa sahani. Swali letu ni hili: mpishi huyo ametumia muda gani? Linaonekana swali la mtoto wa shule. Kaeni nami.

Aliyenifundisha kazi hii aliitwa Papa Kizito, Mungu amlaze pema. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya katekista, na hakuamini saa yoyote ambayo hakuijaribu mwenyewe. Siku moja, nikiwa bado mgeni kazini, nilimpelekea ripoti. Tulikuwa na seva moja hapa Goma na nyingine Kinshasa. Kazi ilianza kwetu, ikamalizikia kwao, na kila upande uliandika saa yake. Nilipotoa mwanzo kwenye mwisho nikapata muda ulio chini ya sifuri. Kazi ilikuwa imeisha kabla ya kuanza! Nikamwambia, "Papa, hii machine iko na pepo."

Akaitazama karatasi, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mutoto wangu, umesahau? Mutu akizaliwa Goma saa sita ya muchana, kule Kinshasa mama yake bado iko na uchungu."

Ndivyo ilivyo. Nchi moja, saa mbili. Sisi wa mashariki tuko mbele yao kwa saa nzima, na niliandika saa zile bila kutaja ni za wapi. Tangu siku ile sijawahi kuhifadhi saa katika base bila kuhifadhi na mahali pake. Nanyi fanyeni vivyo hivyo. Ile aina ya saa inayojua nchi yake inagharimu herufi chache tu kuiandika, nayo itawaokoa na mapepo mengi.

Lakini jambo hilo lilinichekesha. La sifuri halikunichekesha.

Miaka yangu ya mwisho nilifanya kazi katika ofisi ya kutafuta jamaa waliopotezana. Mnajua jinsi watu wanavyopotezana huku kwetu. Mama anakimbia na watoto wawili, baba na mmoja, bibi anabaki njiani. Baadaye mmoja yuko kambini, mwingine yuko soko la Kituku, ziwani, anauza visamaki vya sambaza, mwingine amevuka mpaka, na hakuna ajuaye kama wengine wanapumua. Watu walikuja kwetu, wakaketi mbele ya Mama Zawadi, wakasema majina. Yeye aliyaandika katika kompyuta, akabonyeza, na fonksio ikaanza kutafuta katika base.

Mama Zawadi alikuwa mjane, mwenye kitambaa kichwani kila siku na kalamu iliyochomekwa kwenye kitambaa hicho. Alikuwa amepanga nyumba karibu na kwangu. Watoto wake wanne walisoma kwa kiti kile alichokalia. Akitoka kwenye kiti, wanatoka shuleni. Haikuwa siri kwa yeyote wetu. Na hakuwa na haraka. Alijua kwamba katika familia zetu za Rutshuru na Masisi kila mtoto ana jina lake mwenyewe, halifanani na la baba wala la ndugu. Huwezi kutafuta "familia ya fulani" ukawapata wote. Kwa hiyo aliuliza: baba aliitwa nani, mama anatoka kilima gani, maana kwetu kijiji ni kilima, nani alikuwa msimamizi wa ubatizo, nyumbani walikuitaje ulipokuwa mdogo. Nayo fonksio ililinganisha yote hayo na kila mtu aliyemo ghalani, mmoja baada ya mwingine.

Watu walisubiri sana. Foleni ilitoka mlangoni, ikapita ukuta wa mawe, ikafika barabarani. Wafadhili walipokuja wakaiona, wakamuuliza Directeur wetu sababu. Directeur alikuwa mtu wa upande wa Bukavu, mwenye viatu safi siku zote, si mtu mbaya hata kidogo, ila aliogopa wafadhili kama wengine wanavyoogopa radi. Akaamuru tupime: kati ya mashine na mtu, nani anachelewesha?

Wakati huo mimi nilikuwa kijijini Kalengera kumzika dada yangu, nikakaa huko zaidi ya mwezi. Kwa hiyo kipimo kiliandikwa na Fiston, injinia wetu, kijana mwenye akili na mke mpya. Alifanya kama ambavyo ninyi wote mngefanya. Mwanzoni mwa fonksio aliuliza saa, akaitunza. Mwishoni akauliza tena. Akatoa ya kwanza kwenye ya pili, akaandika jibu. Hesabu ya Directeur ikawa nyepesi: chukua muda wote ambao mtu ameketi mbele ya Mama Zawadi, toa muda wa mashine, na kinachobaki ni cha Mama Zawadi.

Niliporudi nilimkuta amesimama katika ofisi ya Directeur, kalamu iko mkononi badala ya kichwani. Fiston alikuwa ameketi na kompyuta yake, haangalii mtu. Directeur akaniambia, "Karibu, muzee, pole kwa musiba. Umekuja saa mubaya. Mama Zawadi atatuacha mwisho wa mwezi."

"Juu ya nini?"

Akanisukumia karatasi. Vijana wangu, niliisoma kutoka juu hadi chini. Kila mtu aliyetafutiwa jamaa alikuwa na mstari wake. Muda wa mashine: sifuri. Sifuri. Sifuri. Si kidogo, si karibu na sifuri. Hapakuwa hata na tarakimu ndogo mwishoni, zile zinazokaa nyuma ya nukta kama makombo ya mkate. Sifuri safi, iliyofagiliwa.

Niliwahi kuona mashine zinazochelewa, mashine zinazokufa, mashine zinazodanganya kidogo. Sikuwahi kuona kazi iliyofanyika bila muda wowote. Nikasema, "Monsieur Directeur, Mungu mwenyewe, ambaye angeweza kuumba kwa kufumba na kufumbua jicho, alichukua siku sita. Na hii machine yetu imechukua zero?"

"Muzee, usituletee catéchisme hapa."

Fiston akasema kwa upole, "Muzee, tuliongezea seva nguvu ukiwa hapana pale. Sasa inaenda mbio."

"Hata risasi inatumia muda, Fiston."

Mama Zawadi alikuwa akitazama dirisha.

Nikamwomba Directeur anipe nafasi moja kabla ya mwisho wa mwezi. Akanipa, kwa sababu nilitoka msibani, nadhani. Nikamwambia Fiston afungue fonksio na aweke katikati yake agizo la kulala. Agizo hilo lipo: unaiambia base ingoje, isifanye lolote, kisha iendelee.

"Ilale muda gani, muzee?"

"Muda wa kumi moja la rozari, Salamu Maria kumi."

"Machine haijui rozari. Nipe segonde."

"Weka segonde nyingi, zitoshe kumi la rozari. Sisi tutahesabu kwa Salamu Maria."

Directeur akafunua mikono. "Mon Dieu! Hapa ni ofisi."

"Ndiyo, papa. Lakini saa ya ukutani ilisimama tangu umeme ulipounguza vitu, na saa ya machine ndiyo tunashitaki. Mushtakiwa hawezi kuwa shahidi."

Nilijifunza hilo kwa Papa Kizito. Yeye alipima kila kitu kwa sala: kuwasha jenereta ni Baba Yetu moja, kunakili faili kubwa ni Litania. Msidharau. Kipimo chochote kilicho nje ya kitu unachokipima ni bora kuliko kipimo kizuri kilicho ndani yake.

Fiston akabonyeza. Nikaanza. Mama Zawadi akaitikia kwa sauti ndogo, Fiston akafuata. Directeur alikunja mikono kwa Salamu Maria ya kwanza na ya pili. Kwa ya tatu akashindwa. Mtu aliyelelewa na bibi wa Bukavu hawezi kusikia nusu ya kwanza ya Salamu Maria akaiacha ikining'inia. Akaitikia, tena kwa sauti kuliko sisi sote. Mlinzi akachungulia mlangoni, akavua kofia, akaondoka.

Tulipomaliza Salamu Maria ya kumi tukangoja kidogo, na jibu likatokea kwenye skrini. Mashine ilikuwa imelala usingizi mzito kwa sala zote zile, mbele ya macho yetu. Nayo iliandika: muda uliotumika, sifuri.

Fiston aliweka mkono mdomoni. Directeur aliinama mpaka pua yake ikakaribia kioo, akasoma, akavua miwani, akasoma tena.

Mama Zawadi ndiye aliyesema kwanza. "Yesu we! Iko naongopa mbele ya Bikira!"

"Haiongopi, mama," nikasema. Wakati huo ndipo nilipoona. "Inajibu ile ambayo iliulizwa."

Sasa sikilizeni vizuri, ninyi mtakaoandika fonksio. Base tuliyotumia ni ile isiyolipiwa, yenye alama ya tembo. Ukiiuliza saa kwa neno now(), haikupi saa ya sasa. Inakupa saa ambayo muamala ulianza, yaani ile kazi moja nzima ambayo base huikubali yote au huifuta yote. Na fonksio yote, kutoka mlango hadi mlango, inaishi ndani ya muamala mmoja. Uliza mwanzoni, uliza katikati, uliza mwishoni baada ya kulala kama dubu: jibu ni lile lile. Fiston alitoa saa kwenye saa yenyewe. Angepata nini tena zaidi ya sifuri?

Directeur akakasirika kwa niaba ya saa zote duniani. "Ni nani alitengeneza upumbavu huo?"

Si upumbavu. Nilimweleza hivi, nanyi nawaeleza hivi. Jumapili ya ubatizo, padri anabatiza watoto wengi. Wa kwanza anabatizwa kungali na baridi. Wa mwisho amelia, amenyonya, amelala, amelia tena, na jua limeshahama dirisha. Lakini ukifungua kitabu cha parokia, wote wana tarehe moja, misa moja. Ni vizuri hivyo, kwa sababu ni tendo moja la Kanisa. Base nayo inataka kila kilichoandikwa katika muamala mmoja kiwe na saa moja, ili kesho ujue vilikwenda pamoja. Ila ukikiuliza kitabu cha ubatizo misa ilichukua muda gani, kitakujibu kwamba haikuchukua muda. Hakijakudanganya. Wewe umekiuliza kitu ambacho hakikuwekwa kukijua.

"Basi iko dawa?" Directeur akauliza.

Iko. Neno linaitwa clock_timestamp(). Hilo linatoka nje, linatazama saa ya ukutani ya kompyuta, linarudi na saa ya kweli ya wakati ule ule. Kuna na neno la katikati, linalokupa saa ambayo agizo kutoka nje lilifika. Nalo halifai kwa kazi hii, kwa sababu ndani ya fonksio halisogei. Mkumbuke ninyi wenye base nyingine: tatizo hili lina binamu huko kwenu pia. Kabla ya kuamini neno lolote la saa, liwekee usingizi katikati na uone kama linaamka limezeeka.

Fiston alibadilisha maneno mawili. Maneno mawili tu! Akakosea, akarudia. Akaondoa lile agizo la kulala, kisha tukatafuta jina la mtu aliyekuja asubuhi ile, kwa kweli, kama Mama Zawadi anavyofanya. Tukangoja. Tukangoja tena. Na jibu lilipokuja, Directeur aliketi bila kutazama kama kiti kiko nyuma yake. Muda wa mashine ulikuwa karibu wote. Ule uliobaki, wa maswali ya Mama Zawadi, ulikuwa kipande kidogo, kama chumvi kwenye mboga.

"Haiwezekani," akasema. "Rudia."

Fiston akarudia jina lile lile, na safari hii jibu likatoka upesi sana. Directeur akaruka. "Voilà! Iko mbio! Si nilisema?"

Nilifumba macho, nikamwomba Mungu subira. Hapo pana mtego mwingine, vijana, na watu wengi wazima wameanguka humo. Mara ya kwanza base inatoa kila kitu kutoka kwenye diski, mahali pa mbali. Mara ya pili bado inakumbuka, vitu viko mkononi. Maharage yaliyokwisha kuiva ukiyarudisha motoni yanachemka haraka, lakini yule mama wa foleni anakuja na maharage mabichi. Ukipima, pima mara nyingi, na kwa majina tofauti. Tulitafuta jina jipya, ikachelewa. Jingine, ikachelewa. Directeur akaacha kusema voilà.

Na kabla sijasahau, kwa kuwa nasahau siku hizi: Fiston alipotaka jibu katika milisekunde, aliiomba base impe "milisekunde" za ule muda. Ikampa zile za sehemu ya sekunde peke yake, dakika ikaziacha chini kama maganda. Kazi ya dakika na sekunde mbili ikaonekana kazi ya sekunde mbili. Nikamwonyesha: omba muda wote kwanza kwa sekunde, kwa lile neno epoch, kisha zidisha kwa elfu. Tena alikuwa anaandika vipimo ndani ya muamala ule ule. Fonksio ikivunjika katikati, kila kitu kinafutwa, na kipimo chake pia. Maana yake kazi zilizochoka kuliko zote, zile zilizokatwa, hazikuachia alama. Ni kama kuhesabu wagonjwa kwa kuwauliza waliopona. Afadhali fonksio itangaze muda wake kwa sauti kila hatua inapokwisha, ile notisi inayotoka nje hapo hapo, ambayo haifutwi na lolote.

Tulifanya hivyo. Tulitangaza kila hatua, na hatua moja ikajisaliti: kulinganisha vilima. Base ilisoma ghala zima kwa kila kilima kwa sababu hakuna aliyeiwekea fahirisi, ile orodha inayoionyesha kila kitu kiko wapi. Ilirekebishwa juma lile lile, na foleni ikarudi ndani ya ua. Lakini hayo ni ya baadaye.

Siku ile, katika ofisi ile, Directeur alisimama na kuikunja karatasi ya sifuri. "Mama Zawadi," akasema, "unisamehe. Utabaki. Kiti ni chako. Kaa."

Mama Zawadi hakuketi. Nilidhani atalia, au ataimba, maana ni mwanakwaya. Alisimama tu, akiikunjua na kuikunja ncha ya kitenge chake.

"Monsieur Directeur, iko kitu," akasema. "Ile karatasi ilianza kutoka tangu mwezi uliopita. Kila juma Fiston alikuwa ananionyesha. Zero ya machine, na ile yangu, kubwa. Nikajisemea, basi ni mimi. Mimi ndiye niko nachelewesha watu."

"Sasa tunajua si wewe."

"Lakini mimi sikujua. Nikaanza kuwakata. Mutu akianza kusema kilima cha mama yake, ninamwambia, jina tu, mama, jina tu. Sikuuliza tena musimamizi wa ubatizo. Sikuuliza jina la nyumbani. Niliandika jina moja, nikabonyeza, machine ikasema hapana, nikamwambia hapana. Nao wakaondoka."

Hapo, vijana wangu, ndipo nilipoketi chini. Sifuri katika skrini ilikuwa imenishtua kama mtu wa kazi. Hii ilinishtua kama mtu mbatizwa. Maneno mawili yaliyokosewa ndani ya fonksio yalikuwa yamepita kwenye karatasi, yakaingia katika roho ya mwanamke mwema, yakamfundisha kutosikiliza. Na watu walikuwa wamerudi kambini, na Kituku, na vijijini, wakiamini kwamba tumewatafutia jamaa zao. Hatukuwa tumetafuta. Tulikuwa tumebonyeza.

Fiston alikuwa analia. Simsemi kwa kumwaibisha. Siku hizi anafundisha, na yeye mwenyewe huwasimulia wanafunzi wake.

Directeur akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mama, unataka tufanye nini?"

Alidhani, nami nilidhani, ataomba siku za kupumzika. Mama Zawadi alirudisha kalamu yake kwenye kitambaa cha kichwa. "Nipatie unités za kupiga simu," akasema. "Wale walioacha namba nitawapigia. Na wale hawana simu, munipatie moto, ile pikipiki ya ofisi. Nawajua kwa sura."

Akapewa vyote, na Fiston akawa dereva wake wa pikipiki. Walipita kambi kwa kambi wakiuliza, na jioni walirudi wameungua na jua, suruali ya Fiston imejaa vumbi hadi kiunoni. Wengi walikubali kurudi. Wachache walikataa, walisema mlikwisha kutuambia hapana. Kwa hao Mama Zawadi alirudi mara ya pili.

Wa kwanza kuketi tena mbele yake alikuwa mama mmoja muuza samaki wa Kituku, mikono bado ina harufu ya sambaza. Aliingia na uchungu wake wazi. "Ulisema hapako," alimwambia Mama Zawadi. "Sasa unanirudisha uniambie mara ya pili?"

"Nilikukata maneno, mama. Unisamehe. Leo sitakukata."

Mama yule akamtazama sana. Kisha akaanza kusema, polepole kwanza: binti yake alivyoitwa kanisani, alivyoitwa nyumbani kwa sababu ya jino lililoota mapema, kilima alichozaliwa, jina la mwanamke wa jirani aliyemshika siku ya ubatizo. Alisema mpaka chai ikapoa. Mama Zawadi aliandika lote. Alipobonyeza, hakuna kati yetu aliyetazama saa. Mashine ilichukua muda wake, ule wa kweli, na katika muda huo muuza samaki aliendelea kusimulia, na Mama Zawadi aliendelea kuitikia, "Ehe, mama. Ehe. Endelea."

Jina likatokea. Lilikuwa na kambi pembeni yake, si mbali, upande wa pili wa mji. Mama yule hakujua kusoma. Ilibidi Mama Zawadi amsomee, na hakuweza, basi nilisoma mimi.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe kazi ya halali na mikono inayoiweza. Akulinde na majibu yanayopendeza kabla hayajajaribiwa. Awape nguvu wanaoketi mbele yako kungojea, awafariji wanaotafuta watu wao, na awarudishe wote nyumbani kwa wakati wake. Amina.